Riwaya nne za miji midogo ya Marekani: uanze na ipi?

Carol Kennicott alitumia dakika 32 kuumaliza mji. Alitembea mashariki hadi magharibi, kaskazini hadi kusini, akasimama, na hapakuwa na kingine cha kuona. Hoteli ya mbao ya ghorofa tatu. Duka la dawa. Duka la vyakula lenye ndizi zilizoiva mpaka zikawa nyeusi, na kando yake majani ya saladi ambayo paka ameyafanya godoro. Carol ni bibi harusi mpya. Amemfuata mumewe, daktari, akitokea St. Paul alikokuwa mkutubi, na ndani ya treni mume amemsifia kwao kwa moyo wote. Sasa amepaona, na anajua hapa ndipo atakapozeekea.

Sura hiyo ya riwaya ya Main Street nimeirudia mara nyingi kuliko sura nyingine yoyote ya riwaya za Marekani. Nitairudia tena mwishoni mwa makala haya, kwa sababu Carol hakuwa peke yake barabarani siku ile.

Kwanza swali lililonikalisha kuandika. Mpwa wangu anasoma fasihi chuoni. Alikutana na jina la Sinclair Lewis kwenye orodha ya washindi wa Nobel, akataka kumsoma, kisha akagundua kuwa kila anayemtaja Lewis anataja na vitabu vingine vya miaka ileile. Akaniuliza: "Mjomba, vyote si vinasema watu wa miji midogo ni wambea na wanafiki? Nikisoma kimoja si nimevimaliza?"

Hapana, mwanangu. Vinakaa kwenye rafu moja, lakini kila kimoja kimeingia mjini kwa mlango wake. Ninavyolinganisha hapa ni vinne: Winesburg, Ohio cha Sherwood Anderson (1919), Main Street cha Sinclair Lewis (1920), Miss Lulu Bett cha Zona Gale (1920), na Babbitt, cha Lewis huyohuyo (1922).

Vilitoka kwa kufuatana namna hiyo kwa sababu. Sensa ya mwaka 1920 ndiyo ya kwanza kuonyesha kuwa Wamarekani wengi zaidi wanaishi mijini kuliko mashambani: kidogo zaidi ya asilimia 51. Na tukumbuke kwamba serikali yao ilihesabu mahali popote penye watu 2,500 au zaidi kuwa ni mjini, kwa hiyo hata mji mdogo kama ule wa Main Street ungeingia kwenye hesabu hiyo. Vita Kuu ilikuwa imekwisha, vijana walikuwa wameona Paris, marufuku ya pombe ilianza Januari, na wanawake wakapata kura nchi nzima Agosti. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, hadithi za Marekani zilikuwa zimeuchora mji mdogo kama kikapu cha wema: majirani wanaopeana mikate, mchungaji mpole, daktari asiyedai malipo. Ghafla kizazi kizima cha waandishi waliolelewa kwenye miji hiyo kikaanza kusema walichokiona. Mhakiki Carl Van Doren aliandika juu yao katika jarida la The Nation mwaka 1921 na kuliita jambo hilo uasi dhidi ya kijiji. Jina limedumu, ingawa mimi naona linawabana, kwa sababu si waandishi wote watatu walikuwa waasi.

Nina kipimo changu cha kuvitofautisha, na nitakitumia hapa: nauliza nani anashika pesa ndani ya nyumba. Umbea, mavazi, makanisa na vilabu vya akina mama vinafanana kwenye vitabu vyote hivi. Pesa hazifanani.

Main Street

Hiki ndicho kilichoitikisa nchi. Kilitoka Oktoba 1920, na mwaka uliofuata kikaongoza kwa mauzo ya riwaya Marekani yote. Lewis alizaliwa mwaka 1885 huko Sauk Centre, Minnesota, mtoto wa daktari, na wenyeji wa Sauk Centre hawakuhitaji mtu wa kuwaeleza mji wa Gopher Prairie wa kitabuni uko wapi. Leo mji huohuo unajitambulisha kwa barabara iliyomchukiza Carol, na majivu ya Lewis, aliyefariki Roma mwaka 1951, yamezikwa hapo.

Carol ana ndoto ya kuufanya mji uwe mzuri. Anataka majengo mapya, maktaba iliyo hai, ukumbi wa maigizo. Kila jaribio linamezwa. Anaandaa karamu ya kuwaamsha watu. Wanafurahi, halafu karamu inayofuata kila mmoja anarudia onyesho lake lilelile la miaka yote, pamoja na yule anayeigiza Mnorwei akimkimbiza kuku. Anakwenda maktaba, akiwa na mafunzo ya ukutubi, na mkutubi wa mji anamwambia kuwa jukumu la kwanza la mkutubi ni kuvitunza vitabu visiharibike. Ukimaliza sehemu hiyo unajua kwamba Carol ameshashindwa, na kwamba aliyemshinda si mtu mbaya. Ni mtu anayependa vitabu visivyochafuka.

Lewis ananishika zaidi pale anapokataa kumpendelea Carol. Wengi wanaokisifia kitabu hiki bila kukisoma hudhani ni hadithi ya mwanamke mwerevu kati ya wajinga. Sivyo. Carol ana haraka, anabadilisha mradi kila baada ya miezi michache, na mara nyingi anawaona watu kama fanicha za kuhamishwa. Kisha Lewis anatuonyesha mume wake, Will Kennicott, yule anayezungumza juu ya magari na uwindaji tu, akiitwa usiku shambani kwa mkulima aliyepondeka mkono. Anaukata mkono mezani, kwa mwanga wa taa ya mafuta, mkewe akimpa mgonjwa etha, dawa ya usingizi ambayo ingeweza kulipuka wakati wowote. Will anajua hatari hiyo na anafanya kazi yake bila kusema neno juu yake. Carol anatetemeka kwa heshima. Asubuhi inapofika ndoa yao haijapona, lakini msomaji hawezi tena kumcheka daktari kirahisi.

Na pesa? Karibu na mwanzo wa kitabu Carol anatambua kwamba hana hata senti yake. Kila anachotaka dukani lazima amwombe mume, na mume, ambaye si bahili hata kidogo, husahau. Siku moja anashuhudia mke wa mtu mwingine akiomba hela ya matumizi mbele ya watu, na mume wake akiligeuza ombi hilo mzaha. Carol anarudi nyumbani na kudai apewe kiasi maalumu kila mwezi. Hakuna anayepiga kelele kwenye kurasa hizo, na bado naziona kali kuliko kurasa zote za umbea zinazofuata. Msomaji yeyote aliyemwona mama akisimama mlangoni asubuhi akisubiri baba akumbuke kuacha hela ya matumizi atazielewa bila maelezo.

Halafu kuna wale ambao mji unawavunja kweli. Miles Bjornstam, fundi wa kila kitu, mtu wa siasa za kushoto asiyevua kofia mbele ya matajiri, anamwoa Bea, msichana aliyekuwa akifanya kazi kwa Carol. Mji unawatenga. Bea na mtoto wao wanapougua homa ya matumbo kwa maji ya kisima, akina mama waheshimiwa wanafika na zabibu na majarida wakiwa wamechelewa, na Miles anawaambia hivyo mlangoni. Fern Mullins, mwalimu kijana, anasingiziwa kumpotosha mwanafunzi ambaye kwa kweli ndiye aliyelewa na kumtia matatani. Wakubwa wa bodi ya shule wanamwamini kwa siri, na bado wanamwacha aondoke na doa lake. Hapo kejeli inakwisha kabisa. Lewis anaandika kwa hasira ya mtu anayeujua mji huo kwa majina.

Udhaifu wake nauona pia. Kina sura 39, na katikati kuna mahali ambapo unahisi umeshafika hapa. Kina mazungumzo mengi yaliyoandikwa kwa lafudhi, hasa za wahamiaji kutoka Sweden na Norwei, na kwa msomaji ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu hilo linachosha. Ushauri wangu ni kuzisoma sehemu hizo kwa sauti, zinafunguka.

Miss Lulu Bett

Zona Gale alikuwa wa Portage, Wisconsin, na alipoanza kuandika alikuwa mmoja wa wale wenye kikapu cha wema. Kitabu chake Friendship Village, cha mwaka 1908, kimejaa majirani wapole. Miaka 12 baadaye aliandika hiki, kifupi, kavu, chenye sura zilizoitwa kwa majina ya miezi, Aprili hadi Septemba. Katikati ya vitabu hivyo viwili alikuwa amepigania kura ya wanawake na kuona mengi.

Lulu ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu anayeishi kwa dada yake aliyeolewa. Anapika, anafua, anapanga meza, na hajawahi kulipwa, kwa sababu yeye ni ndugu. Shemeji yake, Dwight Deacon, ni daktari wa meno na juu ya hapo ni hakimu mdogo wa mji mwenye mamlaka ya kufungisha ndoa. Kitabu kinaanzia mezani jioni. Dwight anaisifia kazi ya viazi vya kuoka, kwamba lishe yote imekaa karibu na ganda, na aliyevioka hatajwi. Kisha jicho lake linaangukia ua moja la tulipu kwenye chungu, ambalo Lulu amelinunua na kuliweka mezani. Maswali yanaanza. Limetoka wapi? Nani kalinunua? Pesa amezitoa wapi mtu anayekula kwa watu?

Ni ua moja tu, lakini nyumba yote unaiona hapo. Lewis alihitaji barabara nzima kutuonyesha alichokifanya Gale kwa chungu kimoja cha ua na swali la bei.

Kaka yake Dwight, Ninian, anakuja kutembea. Siku moja wakiwa mgahawani jijini, kwa utani, Ninian na Lulu wanatamka maneno ya ndoa mbele ya wenzao. Dwight anakumbuka cheo chake: kwa sheria ya jimbo, wameoana. Ninian anasema basi na iwe. Lulu anaondoka naye, kwa mara ya kwanza maishani mwake akiwa mke wa mtu na si msaidizi wa mtu. Baada ya muda mfupi anarudi peke yake. Ninian alikuwa na mke tangu zamani, na hajui kama yu hai.

Ndipo Gale anapokaza kamba. Dwight anataka Lulu anyamaze. Heri mji uamini kwamba Lulu aliachwa kwa sababu hakumtosha mume kuliko ujue kwamba kaka wa Deacon ana wake wawili. Heshima ya ukoo italindwa, na gharama italipwa na yule ambaye ua lake lilihojiwa. Nimesoma riwaya nyingi kubwa zaidi, na sijaona mahali pengine ambapo neno "heshima ya familia" limefunguliwa tumbo lake kwa utulivu namna hii. Gale hapandishi sauti. Anawaacha watu wale, wanazungumza, na maneno yao yanawahukumu.

Kilifanywa tamthilia mwaka huohuo, kikafunguliwa New York mwishoni mwa Desemba 1920, na mwaka 1921 Gale akawa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Pulitzer ya tamthilia. Kuna jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa fasihi atapenda kulichimba: tamthilia ilianza ikiwa na mwisho ambapo Lulu anaondoka peke yake kwenda kutafuta kazi. Watazamaji hawakuupenda, na Gale akaubadilisha ili Ninian arudi, mke wa kwanza akiwa ameshafariki. Riwaya ina mwisho wa tatu, tofauti na yote hayo mawili, na sitausema. Mwenyewe naupenda ule wa mlango na sanduku la safari.

Mwaka huohuo wa 1921 waamuzi wa tuzo ya riwaya walipendekeza Main Street, lakini wasimamizi wa Pulitzer wakawapinga na kumpa Edith Wharton kwa The Age of Innocence. Lewis hakumkasirikia Wharton. Kitabu chake kilichofuata, Babbitt, alikitabaruku kwake. Alizikasirikia tuzo. Walipompa Pulitzer mwaka 1926 kwa Arrowsmith, aliikataa. Mwaka 1930 akapokea Nobel, Mmarekani wa kwanza kuipata kwa fasihi, na hotubani Stockholm akawataja waandishi wenzake waliostahili, Anderson akiwa mmoja wao.

Winesburg, Ohio

Huyu Anderson nimemwingiza kwenye ulinganisho nikiwa na onyo. Kitabu chake hupangwa pamoja na riwaya za kejeli, na mtu akikifungua akitafuta kicheko atakifunga upesi. Hakuna anayechekwa Winesburg. Ni hadithi fupi zaidi ya 20 zinazoshikana mikono, watu wa mji mmoja, na kijana George Willard, ripota wa gazeti la mji, ambaye wote wanamjia usiku kutaka kusema jambo lisilosemeka.

Anderson alikulia Clyde, Ohio, akawa mfanyabiashara wa rangi huko Elyria, na Novemba 1912 akatoka ofisini kwa miguu, akapatikana siku kadhaa baadaye Cleveland akiwa amechanganyikiwa. Mtu aliyewahi kutoka hivyo kwenye maisha yake mwenyewe anajua kuandika juu ya waliobaki ndani. Hadithi ya kwanza ya mji ni ya Wing Biddlebaum, zamani mwalimu huko Pennsylvania, aliyefukuzwa kwa tuhuma iliyotokana na mikono yake, jinsi alivyowagusa wanafunzi mabegani akiwaeleza ndoto. Winesburg hawajui hayo. Wanachojua ni kwamba mikono yake ni myepesi, amewahi kuchuma stroberi kwoti 140 (kwoti moja ni kama lita) kwa siku moja, na mji unajivunia mikono hiyo. Mwenyewe anaificha.

Nikitumia kipimo changu cha pesa, Winesburg ndiyo inayoniumiza kuliko zote. Elizabeth Willard, mama yake George, alipewa dola 800 na baba yake alipokuwa akifa, azitumie siku atakapotaka kuondoka. Alizificha ndani ya ukuta wa chumba, akazipiga lipu juu yake. Hakuwahi kuziondoa. Alitaka kumwambia mwanawe ziliko, na kifo kikamkuta ulimi umeshakataa. Carol alidai hela ya matumizi akapewa. Lulu aliulizwa juu ya bei ya ua. Elizabeth alikuwa nazo, nyingi, ukutani, umbali wa hatua chache kutoka kitandani.

Kwa lugha, hiki ndicho chepesi kuliko vyote vinne. Sentensi zake ni fupi, maneno yake ni ya kawaida. Ugumu wake ni wa aina nyingine: ukisoma hadithi tatu mfululizo unahitaji kutoka nje upunge hewa.

Babbitt

Hapa niseme wazi kwamba Zenith, mahali pa kitabu hiki, si mji mdogo. Ni jiji la malaki ya watu, lenye maghorofa. Nimekiweka kwa sababu ni jibu la Lewis kwa wale waliomwambia, baada ya Main Street, kwamba tatizo ni udogo wa mji. Anahamisha darubini kwenda jijini na kukuta barabara ileile.

George F. Babbitt ana miaka 46 mwezi wa Aprili 1920. Ni dalali wa nyumba na viwanja, na Lewis anatueleza tangu ukurasa wa kwanza kwamba hazalishi kitu chochote hasa. Kipaji chake ni kuuza nyumba kwa bei inayozidi uwezo wa mnunuzi. Anapenda saa yake ya kuamsha, gari lake, klabu yake, hotuba zake. Maoni yake ameyapata gazetini. Kisha rafiki yake wa dhati, Paul Riesling, aliyetaka kuwa mpiga fidla akaishia kuuza vifaa vya kuezekea, anampiga risasi mkewe na kufungwa gerezani. Mke hafi. Lakini kitu ndani ya Babbitt kinafunguka: anaanza kusema maneno ya huruma juu ya wagomaji, anatembea na mwanamke mwingine, anakataa kujiunga na chama cha raia wema kinachotaka kila mtu awe na mawazo mamoja. Wateja wanapungua. Watu wanaacha kumsalimu.

Swali la pesa hapa linageuka. Babbitt anazo, na ndizo zinazomshika. Mtu asiye na senti kama Lulu anaweza kuondoka na sanduku moja. Babbitt akiondoka anapoteza mikopo, wateja, meza ya klabu. Anarudi kundini mkewe anapougua. Mwishoni, mwanawe Ted anapotaka kuacha chuo akawe fundi kiwandani, Babbitt anamwambia ukweli ambao hajawahi kumwambia mtu: kwamba maishani mwake hajafanya hata jambo moja alilolitaka mwenyewe. Nampenda Babbitt kwa sentensi hiyo kuliko kwa vichekesho vyote vilivyotangulia.

Jina lake limeingia kwenye kamusi za Kiingereza, likimaanisha mfanyabiashara anayefuata mkumbo na kuridhika nao. Ila kwa msomaji wetu, hiki ndicho kigumu zaidi kwa lugha. Lewis ananakili lugha ya mitaani ya wauzaji, matangazo na hotuba za vilabu za miaka ya 1920, na vichekesho vingi viko ndani ya lugha hiyo. Ukikianza kabla hujamzoea Lewis, utacheka nusu.

Sasa uchague

Vyote vinne vimeshatoka kwenye ulinzi wa hakimiliki Marekani na vinapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg, kwa hiyo bei haitaamua. Muda ndio utakaoamua.

Kama una wikendi moja, chukua Miss Lulu Bett. Nasema hivi nikijua kwamba orodha nyingi zingeanza na Lewis. Kisome wewe binti unayelelewa kwa shangazi, wewe kaka unayemlisha shemeji na kumkumbusha, wewe mama uliyewahi kueleza bei ya kanga mpya. Kwa mpwa wangu ndicho nilichomtumia kwanza, na sikumwambia kwa nini. Alinipigia simu baada ya siku mbili. "Mjomba, huyu Dwight namjua."

Kama una mwezi, ingia Main Street na usikiruke katikati. Kama unaandika hadithi fupi mwenyewe, au unataka kujifunza jinsi ya kumwandika mtu anayeshindwa kusema, basi Winesburg, lakini hadithi moja kwa usiku. Babbitt kiweke nyuma ya Main Street. Ukivipindua utakosa kuona ni nini Lewis alikuwa akijibu. Na kama unafanya tasnifu juu ya usawiri wa wanawake, Gale na Main Street vikae pamoja kwenye meza moja, vimetoka mwaka uleule wanawake walipopata kura, na hakuna hata mmoja wa waandishi hao wawili aliyeamini kwamba kura peke yake ingemaliza suala la ua la Lulu.

Wapo wanaosema mwisho wa Main Street unakatisha tamaa. Carol anaondoka na mwanawe kwenda Washington, anafanya kazi ofisini karibu miaka miwili, kisha anarudi. Usiku mmoja anamwambia mumewe, kwa maneno yanayomkumbusha kila msomaji wa Biblia Waraka wa Pili kwa Timotheo, kwamba huenda hakuvipiga vita vilivyo vizuri, lakini imani ameilinda. Will anamkubalia, anamtakia usiku mwema, anasema huenda kesho theluji ikaanguka na itabidi wafikirie kufunga madirisha ya ziada ya kuzuia baridi, kisha anauliza kama ameona iwapo msichana wa kazi ameirudisha bisibisi. Kitabu kinaishia hapo. Mimi sioni kwamba Carol ameshindwa. Will anawaza kufunga madirisha ya baridi ili familia yake isigande, na Carol ameshasema aliyotaka kusema, na wote wawili wamelala nyumba moja bila mmoja kumgeuza mwingine.

Nirudi kwenye zile dakika 32. Wakati uleule Carol akitembea, msichana mwingine alikuwa amefika mjini siku hiyohiyo: Bea Sorenson, kutoka shamba la Waswidi karibu na Scandia Crossing, mahali penye nyumba chache tu. Lewis anamtembeza kwenye barabara ileile, mbele ya maduka yaleyale. Bea anawaza taa za umeme zitakavyowaka jioni. Anaona duka la dawa lenye kaunta ndefu ya soda, anaona hoteli ndefu kuliko jengo lolote alilowahi kukanyaga, anaona watu wengi kiasi kwamba hawezi kuwajua wote kwa siku moja. Anajiuliza kuna ubaya gani akilipwa dola sita kwa wiki, au hata mbili. Angefanya kazi hapa hata bure, mradi aruhusiwe kukaa.

Muda si mrefu anaanza kazi nyumbani kwa Carol.